Kindi wa Bwana Pribyl

Durward Pribyl alistaafu kuuza bima mjini, akanunua nyumba kando ya ziwa letu, kaskazini mwa Minnesota, akaanza kutufundisha namna ya kuishi msituni. Kindi wadogo wenye milia aliwalisha karanga mkononi na kuwapa majina. Tulimdharau mapema. Yeye alitudharau zaidi.

Mwezi Agosti kipenzi chake, Malkia, alitokea na uvimbe tumboni, na katikati ya uvimbe kitobo kibichi. Pribyl akakata shauri: risasi. Na mpigaji ni jirani yake Lorna Kettunen, mjane mwenye bunduki ya upepo, ambaye kindi walikuwa wamemfukulia bustani nzima.

Jumapili, tukinywa kahawa ukumbini baada ya ibada, Pribyl aliingia na kizimba cha waya, Malkia akiwa ndani, akakibwaga mezani kando ya keki.

"Tazameni kazi ya mama huyu!"

Lorna hakuweka hata kikombe chini. "Bwana wee, ningempiga mimi, saa hizi ungekuwa matangani."

"Ahaa, unakiri!"

"Nakiri nini? Mnyama ana funza huyo. Nzi hutaga karibu na mashimo ya kindi, buu likaingia mwilini, likanenepa. Likishiba hutoka lenyewe. Mwache."

"Funza? Malkia? Huyu ni msafi kuliko wewe! Nimeona majeraha mengi katika kazi yangu."

"Ya magari, labda."

Ukumbi ukaangua kicheko. Pribyl, uso umemwiva, akavaa glavu, akamshika kindi na kuanza kuukamua uvimbe.

"Usimbinye!" Lorna alifoka, na sasa hakuwa na mzaha. "Ukilipasulia ndani utamuua!"

Hakusikia. Kitobo kikapanuka, likachomoza dude jeusi lenye vijimiba, nene kama kidole, likajinyonganyonga na kudondoka juu ya keki.

Pribyl alipiga ukelele wa kitoto, akamwachia kindi, akakimbia nje. Tulimsikia akitapikia maua ya mchungaji. Kindi naye alipita mlango uleule, mzima. Lorna akalizoa buu kwa kijiko, akaenda kulikanyaga barazani.

Wiki iliyofuata, dukani, Pribyl alikuwa akimsimulia mgeni jinsi alivyomfanyia mnyama upasuaji na kumwokoa. Lorna alisimama nyuma yake kwenye foleni, akisikia kila neno. Alikitazama kisogo chake, akalipia mkate, akaondoka. Hajamsemesha mpaka leo.