Kioo cha Saa ya Abdulbasit

Kuti la kuezekea lilikuwa limefika nusu mikononi mwa Zulekha, majani yamekunjwa juu ya ufito na kamba bado haijakazwa, saa ya marehemu mumewe ilipotetemeka. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa dirisha la uani, mbele ya macho yake. Akainua uso. Juu ya kioo paliandikwa "Fundi Pampu", na chini yake maneno yakajipanga:

"Assalamu alaikum mume wangu. Mbona kimya hivi? Nilimuuliza Kavumbi, akaniambia umehamishiwa safari za Vanga. Feisal anakuulizia. Sikupigii, nimeshika neno lako."

Mume wangu! Zulekha alisoma tena, akidhani macho yanamchezea. Hayakumchezea. Tangu lini Fundi Pampu akawa na mume? Na mume mwenyewe ni nani, kama si huyu ambaye yeye Zulekha amekaa ndani anamkalia eda, hana hina, hana manukato, hata wanja hapaki?

"Hafswa!" Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. "Hafswa, njoo mbio!"

Binti yake akatoka jikoni na unga mikononi. Akasoma. Akamtazama mama yake, akarudi kusoma.

"Mama, huyu fundi... ni mwanamke?"

"Hebu niambie wewe, uliyesoma!"

Saa hiyo aliinunua Hafswa mwenyewe kwa mshahara wa kutandika vitanda hotelini Diani, daktari aliposema moyo wa baba yake uangaliwe. Abdulbasit, Mungu amrehemu, aliivaa kwa furaha. Alikuwa dereva wa lori la maji, akiyatoa Ukunda na kuyapeleka Kinango, na saa ile ilimpa heshima mbele ya Kavumbi na madereva wenzake wengine. Jambo moja tu alilikataa: kioo kuwaka muda wote. Alitaka kiwe cheusi mpaka akibonyeze mwenyewe.

"Kiwake mchana kutwa, kwani hii ni taa ya barabarani?" alikuwa akisema. "Inamaliza chaji bure."

Wakamcheka. Mtu anayeacha taa ya choo ikiwaka mpaka asubuhi, leo anahurumia chaji ya saa! Wakasema uzee unamwingia na ubahili wake. Hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo.

Alipofariki, Hafswa aliweka picha ya baba yake nyuma ya tarakimu, akakiacha kioo kiwake daima, ili mama amwone mumewe kila anapoinua uso. Simu yake, iliyounganishwa na saa hiyo, ilikuwa kabatini, kwenye chaji, kwa sababu watu walikuwa bado wanapiga kutoa pole. Kupokea waliweza, ila nambari ya kuifungua aliondoka nayo marehemu. Maskini Hafswa, alidhani anamfanyia mama yake hisani.

Na huyo Fundi Pampu hakuwa mgeni nyumbani. Pampu ya Kinango iliharibika kila Alhamisi, na kila Alhamisi Abdulbasit alilala huko huko mpaka itengenezwe. Zulekha alimwonea fundi huruma. Alikuwa akimpikia mkate wa kumimina, anaufunga kwenye kitambaa safi, anamkabidhi mumewe mlangoni. "Mpe fundi wako, masikini, anakesha na magrisi."

"Nimemlisha!" Zulekha aliruka, kuti likaanguka. "Hafswa, nimemlisha kwa mikono yangu! Na iliki nilikuwa natia nyingi!"

Hafswa alikuwa analia. "Nikizime kioo, mama?"

"Kizime! Kiwe cheusi kama alivyotaka mwenyewe."

"Na huyu mwanamke? Hajui kama baba amekufa. Kavumbi amemficha."

"Nani amenituma nimwambie? Mwache angoje."

Hafswa akabonyeza hapa na pale, uso wa Abdulbasit ukapotea. Zulekha akaokota kuti lake. 

Siku ya msiba, Bi Asiya wa madrasa alikuja kumfundisha hukumu za eda. Miezi minne na siku kumi, alisema, na huanza kuhesabiwa siku mume alipokufa, mke awe anajua au hajui. Zikipita kabla habari haijamfikia, basi zimempita. Wakati ule Zulekha hata hakusikiliza vizuri. Sasa maneno yalimrudia yote. Akinyamaza tu, akifunga mdomo mpaka eda yake iishe, basi na ya mwenzake itakuwa imekwisha. Huyo wa Kinango hatakaa ujane hata siku moja. Hataambiwa pole na mtu. Tusimfichie, alifurahi. Alilionja wazo lile, akaliona tamu.

Baada ya sala ya alasiri saa ikatetemeka tena. Kioo kilikuwa cheusi. Zulekha akageuza uso, akakunja jani, akakaza kamba. Alikaza vibaya, akafumua. Akakunja lingine, likampasukia. Mwisho akainuka, akabonyeza.

"Leo Alhamisi. Hujasema unakuja lakini moyo wangu umeniambia utakuja. Nimepaka hina mpaka viwikoni, ile unayoipenda. Feisal nimemwogesha mapema."

"Lahaula wala kuwwata!"

Hina! Zulekha akaitazama mikono yake, mikavu, imechanwachanwa na makuti. Mjane amepaka hina mpaka viwikoni! Amekaa mlangoni anamngoja mtu aliyeko chini ya udongo, na mtoto ameshaogeshwa. Zulekha aliitafuta hasira yake ya asubuhi akaikosa. Alichosikia ni aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyempaka mwenzake hina ile.

"Hafswa! Washa kioo."

"Mama, si umesema..."

"Washa, na ukiache kiwake. Kisha mpigie."

"Simu si imefungwa, mama."

"Mpigie kwa hiyo hiyo saa. Haiwezi?"

Iliweza. Hafswa aligusa alama ya simu chini ya ujumbe, akamshikisha mama yake. Haikuita sana.

"Baba Feisal!" Mwanamke alicheka, kicheko cha mtu aliyeshinda. "Wallahi nilijua! Ushapita Kwale? Nikuwekee maji ya kuoga?"

 Hafswa alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyake.

"Si yeye, mwanangu," Zulekha akasema.

Kicheko kikakatika. "Nani mwenzangu?" Kisha kwa adabu, haraka haraka: "Shikamoo. Ni wifi? Wifi wa mkate wa kumimina?"

Kumbe alimwambia hivyo! Dada yake ndiye apikaye!

"Marahaba. Mkate ni wangu. Lakini mimi si wifi yako, ni mke mwenzio. Naitwa Zulekha. Wewe ni nani?"

"Mbeyu." Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Umesimama, Mbeyu? Kaa chini."

"Nimekaa."

"Abdulbasit hatunaye. Ni moyo. Tumemzika hapa Msambweni. Inna lillahi..."

Hakuimaliza. Ukelele ulitoka kwenye kile kisaa ukajaa ua mzima, kuku wakatawanyika. Nyuma ya ukelele, sauti ya mtoto: "Mama, baba amefika?"

Zulekha akakaa juu ya makuti yake. Hapo ndipo alipolia na yeye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hina, dada," Mbeyu alikuwa anasema. "Nina hina mikononi. Haitoki. Nitafanyaje mimi?"

"Uliipaka hujui. Huna dhambi."

"Haitoki, dada!"

"Nasikia, Mbeyu. Usikate simu. Lia, mimi nipo."

Mbeyu akalia. Hafswa akasogea akachungulia kioo, akafuta macho kwa kiwiko.

"Mama, chaji inakwisha."

"Lete waya."

Waya ulikuwa mfupi, haukufika uani. Zulekha akaingia, akakaa kizingitini karibu na soketi ya ukutani, makuti yake yamebaki nje nusunusu. Akaiweka saa mapajani, kioo kikiwaka, na kila Mbeyu aliponyamaza, akamwambia, "Nipo."