Zimwi la Mchoro wa Kwanza

Gemu yenyewe ya kompyuta ilikuwa bado haijazaliwa. Chelimo na mwenzake Mwaura walikuwa na michoro tu, ramani ya msitu iliyojaa mishale, na mawazo ya ovyo waliyoyaandika wakicheka katika chumba walichokodi Lanet. Mwaura ndiye aliyetaka waweke vyote mtandaoni.

"Watu hupenda kuona kitu kikianza," alisema. "Weka hata zile picha mbaya."

Chelimo akaweka zote bila kuchagua. Kabla chai yao haijapoa, mchoro mmoja ulikuwa umeipita mingine yote kwa kutazamwa: zimwi la kike, gambuti miguuni, kitambaa kichwani, ngozi ya mkono wa kulia na ya shingo imejikunja na kung'aa. Watu waliandika kwamba leo hawalali. Wengine walicheka. Chelimo alijaa raha mpaka Kimeli, binamu yake aliyeishi Bahati, alipopiga simu.

"Chelimo, umemchora senge Jepkemboi."

Alitaka kukana. Akautazama ule mkono, akalitambua kovu. Hakukusudia, kalamu ilikuwa imejiendea tu. Jepkemboi, dada ya babake waliyemwita senge, yaani shangazi kwa Kikalenjin, ndiye aliyemlea. Chelimo akiwa mtoto wa kutambaa aliwahi kuvuta sufuria ya uji uliokuwa ukichemka, na senge akajitupa kati. Uji ukammwagikia yeye mkononi na shingoni.

"Ameona?"

"Ameonyeshwa kanisani. Vijana wa kwaya wanamwita zimwi."

Akaifuta picha, lakini ilikuwa imeshasambaa. Kesho yake akaenda Bahati. Alimkuta senge nyuma ya nyumba akichambua maharagwe, amevaa sweta nzito na jua linawaka.

"Senge, nisamehe."

"Keti kwanza." Senge hakuinua uso. "Huyo mama wa gemu anafanya nini?"

"Anakula watoto," Chelimo alisema.

"Halafu?"

"Anauawa."

Senge akatupa kokoto pembeni. "Wengine nilijua wanauona huu mkono. Wewe nilidhani huuoni."

Chelimo alitamani atukanwe, apigwe hata, apate cha kujibu. Alipewa chai na viazi, akala akiwa ameinama.

Jumapili aliomba nafasi kanisani, akasimama mbele ya watu wote akaeleza kovu lile lilivyopatikana, na kwamba bila senge angeungua yeye. Alilia. Vijana wa kwaya wakatazama chini. Kina mama wakamzunguka senge baada ya ibada, wakimshika bega, wakisema pole, pole sana mama.

Waliporudi na kufika langoni, senge akasimama.

"Wangecheka tu ningewazoea," akasema. "Sasa wananihurumia. Si ungeniuliza kwanza?"

Chelimo akafungua lango, akampisha apite.