Juu ni Upande Gani

Fundi fremu aliuleta mchoro mwenyewe, umefungwa kwa magazeti, na hata kabla hajakaribishwa ndani alishaanza kujitetea.

"Dada, nimeweka kulabu pande zote nne. Utachagua mwenyewe."

"Pande zote nne?"

"Sasa ningefanyaje? Ukiuweka hivi, nyumba zimesimama, ng'ombe wamelala chali. Ukigeuza, ng'ombe wanasimama, mto unapanda mbinguni. Nilimwita mke wangu anisaidie, tukaishia kununiana."

Binti alicheka, na kicheko chenyewe kikamshtua. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Marehemu mama yake alikuwa mwandika vibao vya maduka, na kupanda ngazi kulimharibia goti. Kila alasiri alirudi na rangi zilizobaki makoponi, nyekundu ya kinyozi, kijani ya duka la dawa, akaketi kwenye kigoda sebuleni, ubao mapajani. Mkono usipofika mahali, hakuinuka, aliugeuza ubao. Ndiyo maana nchi aliyoichora ilikuwa na kila kitu isipokuwa adabu: mbuzi juu ya paa, miti iliyoning'inia mawinguni, na katikati kilima kimoja kikubwa cha mviringo, rangi ya chai ya maziwa.

Wa kuulizwa alikuwa baba, naye alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti cha mbao. Zamani kila alasiri alijilaza kwenye kochi huku mkewe akichora. Tangu azikwe, hakuligusa. Alisinzia vitini, akaamka shingo imekakamaa, macho mekundu. Binti alipombembeleza, alisema kochi lina vumbi. Likapanguswa vumbi. Akasema limebonyea.

"Baba, njoo utuambie. Juu ni wapi?"

"Mambo ya michoro mimi nayajulia wapi? Mimi ni fundi magari."

"Si ulikuwa humu humu akichora?"

"Nilikuwa nimelala."

Fundi fremu akachoka kusubiri. Akauegemeza mchoro ukutani, wima. Kilima kikatokeza ubavuni kama mtu aliyebeba tikiti maji ndani ya shati.

Kule jikoni baba akainuka kama aliyechomwa na mwiba, akaingia sebuleni. "We bwana, umenisimamisha!"

"Nimekusimamisha wewe, mzee?"

Mzee akatazama dari, akatazama mlango, akaona pa kutokea hakuna.

"Hicho kilima," alisema taratibu, "ni tumbo langu."

Binti akausogelea mchoro. Kweli! Hata ile miti miwili minene kule mwisho ilikuwa na kucha.

"Na hili pango?"

"Pua. Aliniambia anachora milima. Kuamka, najikuta nimekuwa nchi nzima."

"Basi ulilala hivi," binti akasema, akiushusha na kuulaza.

"Kichwa huku!"

"Huku?"

"Siko huko! Jamani, nyie hamna macho?" Akalivamia kochi kwa hasira, akajilaza, mkono mmoja chini ya kisogo. "Hivi! Haya, tazameni!"

Fundi akatazama kochi, akatazama mchoro, akaugeuza kidogo. Tumbo kwa tumbo, pua kwa pua. Na sasa, kilima kilipokaa sawa, binti aliona kitu ambacho siku zote alidhani ni kichaka: mwanamke mdogo sana ameketi kileleni juu ya kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, brashi mkononi.

"Baba, unajua Mama yumo? Amekukalia tumboni!"

"Najua," baba alisema, macho ameyafumba. "Mzito huyo."

Binti alitaka kuuliza kingine, lakini kilima kilipanda, kikashuka, na kutoka pangoni ukatoka mkoromo wa kutikisa vikombe.

Fundi alikuwa ameshainua nyundo. "Nigonge msumari?" alinong'ona.

"Thubutu uone."

Binti akakivuta kigoda cha mama yake karibu na kochi, akausimamisha mchoro juu yake, tumbo likitazama juu, kisha akamtoa fundi nje, wote wakinyata kwa ncha za vidole.