Mashua Ambayo Hakuna Aliyeizamisha

Asubuhi ya Sikukuu ya Kiangazi, Holms Elsy alifungua banda la mashua la makumbusho ya kijiji cha Kvarnvik akaona mwanga mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mwanga. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la nyuma, likapenya katikati ya mbao za mashua, likamwangukia viatuni. Akapiga magoti akachungulia. Upande wa pili ulionekana vizuri kabisa, hadi ndoano ya kutundikia makasia.

"Mungu wangu," akasema. "Imekauka kama mkate wa mwaka jana."

Mashua ile ndefu, nyeusi kwa lami, ilijengwa na babu wa babu yake kwenye shamba la Holms, na ndiyo maana jina la shamba linatangulia jina lake mpaka leo. Zamani ilikuwa ikiwavusha wanakijiji wote kwenda kanisani ng'ambo ya ziwa, kila shamba na kiti chake, kila kiti na kasia lake. Siku hizi mwaka mzima inakaa bandani, wageni wakiizunguka mikono nyuma, na siku moja tu, Sikukuu ya Kiangazi, inavuka tena. Lakini mbao zilizokaa bandani majira yote ya baridi husinyaa. Kwa hiyo wiki moja kabla ya sikukuu mashua huzamishwa makusudi penye maji machache, ikakandamizwa kwa mawe, hadi mbao zinywe zishibe, zivimbe na kubanana. Kila mtu Kvarnvik analijua hilo. Mwezi wa Mei kamati ya makumbusho ilikutana, wakanywa kahawa, wakala maandazi ya mdalasini, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba mashua izamishwe. Aizamishe nani, hakuna aliyesema.

Na mwaka huu haukuwa mwaka wa kubahatisha. Makumbusho makubwa ya mjini yalikuwa yamejenga ukumbi wa vioo na yalikuwa yakiitaka mashua hiyo. Mkuu wao, Viveka Ståhl, aliwaambia bila kuzunguka: kama bado inatumika, ni yenu, kama haitumiki tena, tunakuja kuichukua kabla ya theluji. Alikuwa anakuja leo kujionea mwenyewe. Elsy alikuwa hajalala sawasawa tangu aambiwe hivyo, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio tangu alfajiri, nusu kwa hofu na nusu kwa furaha ya sikukuu. Sasa furaha ilimtoka yote.

Knis Torsten, mshika usukani, aliingia amevaa fulana yake ya sikukuu yenye vifungo vya shaba, anapiga mluzi. Mluzi ukamfia mdomoni.

"Torsten, hukuizamisha mashua?"

"Mimi? Si ulisema utaizamisha wewe?"

"Nilisema inabidi izamishwe!"

"Ndiyo hivyo. Ulivyolisema kwa ukali ule nikajua umeshalichukua jukumu."

"Na wiki iliyopita nilikuona kwa macho yangu unateremka ziwani na toroli la mawe. Nilifurahi mpaka nikaenda kuoka keki!"

"Yale mawe yalikuwa ya ukuta wa bustani yangu."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje, Elsy? Ungesema nakufuatafuata. Mbona wewe hukuniuliza?"

Hawa ndio watu wa Kvarnvik. Mtu wa Kvarnvik atakuja kukuezekea paa mvua inanyesha, na kahawa yako asiiguse. Lakini akuulize kama umefanya ulichosema utafanya? Thubutu! Hilo kwao ni tusi. Mimi nimeishi nao miaka mingi na bado siku nyingine natamani niwatikise mabega.

Kabla hawajamaliza kutupiana lawama, basi likaegesha nje. Wakashuka wastaafu kutoka jiji la Gothenburg, kofia za jua vichwani, wamekuja kutazama kinu, ghala na nyumba kongwe za magogo. Nyuma yao alitembea mwanamke mrefu, mvi zimekatwa fupi, suruali nyeupe, viatu vya ngozi vya kupendeza. Viveka Ståhl hakusalimia mtu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashua, akachuchumaa, akatia kidole kati ya mbao mbili. Kidole kikaingia chote.

"Hamkuizamisha," akasema.

"Hapana," akasema Elsy.

"Kwa nini?"

"Hatukuulizana."

Viveka aliuma mdomo, na Elsy alishindwa kujua kama ni hasira au kicheko. "Kamati yangu nayo ndivyo ilivyo. Lakini Elsy, hali ikiwa hii mashua haitoki leo."

Elsy aliitazama ile mashua. Alifikiria ukumbi wa vioo, kamba nyekundu, taa za umeme, na watu wakisoma kibandiko kisha wakienda zao kunywa kahawa. Akasikia mdomo wake ukisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Inatoka."

"Itazama kabla hatujamaliza wimbo wa kwanza!" Torsten akamaka.

"Nani kakwambia tutaimba? Tutachota maji."

"Kwa kitu gani? Kwa kofia?"

Elsy alikuwa ameshatoka mbio, na mwanamke wa miaka sabini na kitu akikimbia hivyo watu hupisha. Aliingia nyumba ya magogo, akaifungua kamba yenye kibao cha TAFADHALI USIGUSE, akaanza kutoa vitu na kumpa kila aliyekuwa karibu: ndoo za mbao za kukamulia, kata za kuchotea, sufuria la shaba, hata lile beseni refu la kukandia unga wa mkate.

"Elsy!" Viveka akaita. "Hivyo ni vya maonyesho!"

"Vilikuwa ndoo kabla havijawa vya maonyesho!"

Ikabaki shida ya watu. Mashamba mengi ya Kvarnvik siku hizi ni nyumba za likizo tu, na viti vyao mashuani viko wazi. Wapiga makasia wa kijiji waliofika walijaza nusu. Elsy akawageukia wageni wa basi. Walikuwa wamesimama na ndoo za mababu mikononi, wakiogopa hata kuziweka chini.

Mama mmoja mnene, daktari wa meno mstaafu, jina lake Solveig, akavua kofia. "Maisha yangu yote natazama vitu nyuma ya kamba," akasema. "Nipe kasia, mama, kabla hujabadili mawazo."

Basi hapo ndipo walipopagawa wote. Waliisukuma mashua juu ya magogo ya kuteleza, wakicheka, wakikanyagana, Torsten akiwafokea kama mifugo. Ilipoingia ziwani ilinywa maji pande zote kwa pamoja. Wakarukia ndani. Viveka alibaki kwenye gati, mikono kiunoni.

"Ulikuja kuona kama inatumika," Elsy akampigia kelele. "Ukiwa hapo utaona visogo vyetu tu!"

Viveka alitazama viatu vyake. Kisha akaruka, akaangukia kiti cha nne upande wa kushoto, na mtu akamtupia beseni la unga.

"Moja! Mbili! Vuta!" Torsten alinguruma. "Wewe wa Gothenburg, hilo ni kasia, si kijiko cha supu! Vuta!"

Na mashua ikaenda. Mungu wangu, ilivyokwenda! Miezi yote ile ya kulala bandani ilikuwa kama haikuwahi kuwapo. Makasia yaligonga maji kwa pamoja, kisha si kwa pamoja, kisha kwa pamoja tena. Upepo uliwapiga usoni. Kanisa jeupe upande wa pili lilianza kukua. Elsy alivuta kasia la Holms, kiti cha mbele kabisa, maji baridi yakimfika vifundoni, na alikuwa na furaha kiasi kwamba alipiga ukelele kama binti wa shule.

"Nani anachota huko nyuma?" akauliza.

"Wote!" wakajibu.

"Basi choteni kwa nguvu!"

Maji yakapanda kwenye muundi. Sufuria la shaba, beseni, kata, vyote vilipaa na kushuka. Viveka alikuwa amelowa hadi nywele, suruali nyeupe imegeuka rangi ya lami, na alikuwa akimfokea Solveig, "Haraka, mama, haraka, usiyabembeleze!" Maji yakafika magotini. Kengele za kanisa zikaanza kulia, na kwenye gati la ng'ambo watu wa parokia walionekana wamejipanga na maua, wapiga fidla mbele.

"Tunafika!" Torsten alipiga kelele. "Tunafika, jamani! Vuta!"

Walifika. Karibu. Mkuku uligusa mchanga hatua chache kutoka gatini, mashua ikashusha pumzi, ikaketi chini taratibu. Hakuna aliyeinuka. Walikaa kila mtu kwenye kiti chake, kasia wima mkononi, maji yakiwafika kifuani, kama watu wanaosubiri mahubiri yaanze. Wapiga fidla walinyamaza. Kisha gati zima likaangua kicheko, na wa mashuani nao wakacheka hadi wakakohoa.

Elsy peke yake hakucheka. Chini yake alihisi mashua ya babu wa babu yake imelala kimya mchangani, mbele ya macho ya yule yule ambaye hakutakiwa kuiona hivyo. Kazi imekwisha, aliwaza, na nimeimaliza mimi mwenyewe kwa kiherehere changu. Machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

Viveka alisimama, maji yakimchuruzika mikononi. Alipapasa ukingo wa mashua kwa muda.

"Kina ni kizuri hapa," akasema. "Nani ataleta mawe?"

"Mawe gani?" Torsten akauliza.

"Ya kuikandamiza. Ikikaa chini wiki moja itabana, ndipo mtaweza kuirudisha nyumbani bila kuchota. Nani ataleta?"

Kila mtu akamtazama jirani yake, halafu akaangalia maji. Elsy aliwajua vizuri, na aliijua tabia ile ndani yake mwenyewe pia.

"Mimi," akasema. "Na Torsten ataleta toroli. Torsten, utaleta? Nakuuliza."

Torsten aligeuka mwekundu kama stroberi. "Nitaleta."

"Kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi, Elsy. Niulize tena jioni ukitaka."

Viveka aliinama akalitoa beseni la unga lililokuwa likielea, akampa Elsy kwa mikono miwili. "Wale wa ukumbi wa vioo nitawaambia watafute kitu kingine cha kuweka," akasema. "Hiki kiti nilichokalia ni cha shamba gani?"

"Cha Myras. Walihama wote zamani."

"Safari ya kurudi, msimpe mtu mwingine."