Mstari Uliopita kwenye Mikorosho ya Sudi

Reli ya mjini ilirefushwa kabla ya kutandikwa. Njia ya treni ya abiria kutoka bandarini Mtwara hadi Magomeni ilikuwa haijapata hata taruma moja, lakini wakubwa wa Ofisi ya Mradi walikwisha kutangaza kwamba itaendelea hadi Mikindani, ili watu wa huko waende mjini kwa raha na kurudi kwa raha. Mtoto hajazaliwa, tayari anatafutiwa mchumba.

Mzee Sudi alikuwa na shamba la mikorosho kati ya Magomeni na Mikindani, shamba aliloachiwa na baba yake. Alikuwa mtu wa kutii amri, na utii huo aliuvaa kama kanzu ya Ijumaa. Kwenye mikutano ya mtaa alikaa mbele. Mtu akinong'ona nyuma yake, aligeuka kumkazia macho mpaka anyamaze. Kwa hiyo wapimaji walipokuja, wakachomeka vigingi vyekundu upande wa baharini wa shamba lake na kusema, "Ndani ya mstari huu mtu asiendeleze kitu chochote mpaka tathmini ifanyike," Sudi aliitikia kwa niaba ya mtaa mzima.

Mtaa wenyewe ulisikia vingine. Haikupita wiki, ndani ya mstari palikuwa pamejaa miche ya mikorosho na minazi, imebanana kama nywele kichwani, yote ikingoja kuhesabiwa fidia. Sudi alipita akaitazama, akatema mate pembeni.

"Miti ya kuhesabiwa hiyo," alimwambia mkewe Dalila. "Kuzaa haijui."

"Na ya kwako inajua," alisema Dalila. "Tuombe Mungu uiache izae."

Mwezi wa sita mikorosho ikatoa maua. Maua ya mkorosho yana adui wake, ubwiriunga, ule unga mweupe unaoyavamia na kuyakausha yakiwa bado machanga, na dawa yake ni kupuliza salfa, tena kwa mizunguko, mpaka korosho zishike. Kila mwaka kazi hiyo aliifanya Leonel, kaka yake Dalila, aliyetoka Kitaya na pampu ya injini mgongoni na kupita shamba kwa shamba. Leonel alikuwa Mmakonde wa ukoo uliovuka Ruvuma zamani za vita, mtu wa maneno mengi, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Shemeji, nianze upande gani?"

"Wa barabarani peke yake," alisema Sudi. "Wa baharini umo ndani ya mstari."

Leonel aliitua pampu. "Kwani ubwiriunga unauona mstari?"

"Amri imesema tusiendeleze."

"Kupuliza salfa ni kuendeleza?"

"Kama si kuendeleza, ni kurudisha nyuma?"

Leonel alimgeukia dada yake. "Dada, huyu ndiye uliyemfuata, ukatuachia mtumbwi wa samaki kule Kitaya?"

"Alikuwa bado hajaota vigingi," alijibu Dalila.

Basi upande wa barabarani ukapulizwa, wa baharini ukaachwa. Kabla ya mzunguko wa pili wapimaji wakarudi. Waling'oa vigingi, wakavihamishia upande wa barabarani. Walieleza kwamba kule baharini ardhi ina majimaji, tuta la reli lingezama, na gharama ilikuwa imepanda mno. Sudi aliwachemshia chai. Leonel alipokuja, Sudi alimwambia apulize upande wa baharini, kwa kuwa ule wa barabarani sasa ndio ulio ndani ya mstari.

Mgonjwa wa malaria akimeza dozi ya siku moja kisha akaacha, malaria haiendi popote. Ndivyo ilivyokuwa kwa mikorosho ya Sudi: nusu ilianzishiwa dawa ikakatishwa, nusu ilicheleweshewa. Upande wa baharini maua yalikwisha kuwa meupe kana kwamba mtu ameyanyunyizia unga wa muhogo, na wa barabarani ulikuwa unafuata. Sudi aliyaona, na kila alipoyaona aliharakisha kutazama kwingine.

"Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho huku," Leonel alimwambia, safari hii bila kucheka. "Watu wa Kitaya wananingoja. Kesho usipopuliza shamba lote, Shemeji, msimu huu utaokota majani."

Na msimu ukipotea, nyumba nzima ya Sudi ingekula makopa, yaani muhogo mkavu, mpaka msimu mwingine. Hawakuwa na kazi nyingine.

"Leo kuna mkutano," alisema Sudi. "Nitauliza."

"Utauliza!" Dalila alipiga makofi mara moja. "Baba Asha, maua yanakufa, wewe unataka kuuliza!"

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule. Salumu, mwenyekiti wa mtaa, aliwakaribisha wageni kwa hotuba ndefu kuliko reli. Kisha akasimama afisa wa Ofisi ya Mradi, kijana nadhifu aliyeitwa Athumani, amevaa kofia ngumu nyeupe, ingawa ndani ya darasa hapakuwa na kitu cha kumwangukia ila popo. Alibandika ramani ubaoni. Mstari safari hii ulipita katikati ya shamba la Sudi, haukuwa tena baharini wala barabarani.

Athumani alieleza kwamba gharama zimepanda. Mara ya kwanza zilipanda kwa sababu ya chuma. Mara ya pili, kwa sababu ya majimaji. Sasa zimepanda kwa sababu ya fidia, maana miti ndani ya mstari imeongezeka kwa namna ya kushangaza. Hapo nusu ya darasa ikatazama chini. Ili kubana matumizi, huenda reli isifike Mikindani. Huenda iishie njiani.

"Njiani wapi?" aliuliza mama mmoja.

"Hilo linafanyiwa upembuzi."

"Sasa nikishushwa porini na ndoo yangu ya samaki, nipande nini? Upembuzi?"

Watu walicheka. Sudi aligeuka kuwakazia macho, kisha akainuka. Alivua kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, akaishika kifuani, akauliza kwa adabu: je, mkulima aliye ndani ya mstari anaruhusiwa kupuliza salfa kwenye mikorosho yake?

"Swali zuri sana, mzee wangu," alisema Athumani. "Tumelichukua. Tutalifanyia kazi."

Sudi alishukuru, akaketi. Kwa muda mfupi alijiona mtu aliyejibiwa.

"Wamelichukua," alinong'ona Dalila. "Wamelipeleka wapi?"

Hapo Leonel akasimama nyuma ya darasa, vumbi la salfa likiwa bado kwenye nyusi zake.

"Mheshimiwa, samahani. Kwenu wapi?"

"Masasi."

"Mmakua?"

"Mmakua, ndiyo."

Darasa zima likavuta pumzi, kwani kila mtu alijua kinachofuata isipokuwa dereva wa mradi, ambaye alikuwa mtu wa mbali. Mmakonde na Mmakua ni watani tangu mababu. Mtani hakasirikiwi, hata azungumze matusi msibani, na akikamata kitu chako, hukipati mpaka ukikomboe. Leonel alitembea taratibu mpaka mbele, akaivua ile kofia ngumu kichwani mwa afisa, akaivaa yeye.

Dereva aliruka. Athumani alimwashiria akae. Alikuwa ameanza kutabasamu, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kama mtoto wa mtu.

"Umenikamata, mtani. Unataka nini? Soda?"

"Soda kanywe na bosi wako. Nataka jibu. Hii reli inapita wapi?"

"Nikwambie ukweli?"

"Mmakua na ukweli wapi na wapi! Haya, jaribu."

"Sijui."

Darasa liliangua kicheko.

"Na wakubwa wako?"

"Nao hawajui. Tukichora, gharama inapanda. Ikipanda, tunaambiwa tuchore upya. Kuchora upya nako ni gharama, kwa hiyo inapanda tena."

"Kumbe hamjengi reli, mnafuga gharama! Nayo imenona!"

"Imenona, mtani."

Mwenyekiti Salumu alikohoa kikohozi cha kiserikali. Hakuna aliyemsikia.

"Na ile amri ya kutoendeleza, mwisho wake lini?"

"Haina mwisho. Aliyeitoa alishahamishwa."

"Sasa huyu shemeji yangu akipuliza salfa, mtamfunga?"

Athumani alimtafuta Sudi kwa macho, akashangaa kweli, bila utani. "Nani amfunge? Mimi nilidhani watu wanapuliza siku zote."

Kicheko cha hapo kilitikisa madirisha. Walicheka wenye miche ya fidia, wakacheka na wanawake waliokaa chini, na Dalila alijifunika uso kwa khanga. Sudi peke yake hakucheka. Wale aliowadharau kwa ujanja wao walikuwa wamepuliza mikorosho yao mikubwa tangu mwanzo, ndani ya mstari na nje yake, bila kumuuliza mtu. Yeye aliyaacha maua yake yafe kwa ajili ya amri ambayo walioileta wenyewe walikuwa wameisahau. Na aliwachemshia chai.

"Umejikomboa," alisema Leonel, akamrudishia afisa kofia. "Chukua bakuli lako."

Sudi aliinuka, akatoka kabla mkutano haujafungwa. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake.

Kulipopambazuka, upepo ukiwa bado haujaamka na umande uko kwenye majani, pampu ya Leonel ilinguruma katika shamba zima, baharini, katikati na barabarani. Sudi alitangulia kuonyesha miti, amejifunga kitambaa puani. Upande wa baharini aliyavunja maua mkononi, yakamwagika kama jivu. Mingi kati ya miti hiyo isingempa kitu mwaka huo, na aliijua mmoja mmoja. Ya barabarani ilikuwa na uhai. Kila walipofika kwenye mti uliokufa maua, Leonel alifungua mdomo, akautazama uso wa shemeji yake, akaufunga.

Mwenyekiti Salumu alipita na baiskeli, akasimama nje ya wingu la vumbi la njano.

"Mzee Sudi! Umepata kibali?"

"Nimepata."

"Cha nani?"

"Cha mwenye shamba. Sogea huko, salfa itakuingia machoni."

Salumu akasogea.