Waya wa Ghalani na Dirisha la Mama Mkwe

Mafundi wa hema walikuja Alhamisi asubuhi, wakaupima uwanja wetu, kisha mkubwa wao akauliza kama kuna kitu kimefukiwa chini. Mume wangu, Miladin, akasema hamna.

"Hamna nini?" nikamkata. "Na ule waya wa umeme wa ghalani, ulioufukia kwa mikono yako mwenyewe?"

Fundi akakunja kamba yake. Vigingi vyake ni vya chuma, vinazama karibu mita moja. Waya uhamishwe kabla ya kesho mchana, la sivyo hakuna hema.

Na bila hema hakuna harusi ya nyumbani. Binti yetu Tijana alikuwa anaolewa Jumamosi, wageni mia na themanini. Ukumbi wa mjini ulikuwepo, ila mama mkwe wangu, Stamena, ana miaka themanini na tisa, safari ya gari haiwezi tena, na tangu avunjike nyonga ana miaka minne hajavuka kizingiti. Tijana aliapa haolewi mahali ambapo bibi yake hamwoni. Nami nilikuwa upande wake, ingawa huyo bibi amenitoa jasho miaka thelathini.

Miladin akamwita jirani yetu Tihomir, fundi umeme mstaafu. Wakazima meinswichi, wakaanza kuchimba. Saa nzima, waya hawauoni.

"Kushoto!" mama mkwe akapiga kelele dirishani. "Uliuzungusha!"

"Mama, wewe siku ile ulikuwa jikoni!"

"Nilikuwa jikoni, sikuwa kipofu. Kushoto, we mbishi!"

Wakahamia kushoto kwa shingo upande. Koleo la tatu tu, waya huu hapa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Sasa ilibaki kuchimba mtaro mpya kando ya nyumba, kumwaga mchanga, kulaza waya na kufukia. Tihomir akachora mstari kwa chokaa, ukapita chini ya dirisha la mama mkwe. Mwenyewe akagonga kioo kwa mkongojo.

"Hapo hapachimbwi."

"Kwa nini, mama?" Miladin akauliza.

"Kwa sababu nimesema."

Uzalendo ukanishinda. "Mama, mjukuu wako anaolewa keshokutwa! Harusi ivunjike kwa ajili ya nini, maua yako hayo?"

Yeye akawakazia macho wale wanaume wawili.

"Ile rakija mliyoifukia Tijana alipozaliwa, mkasema mtungi ulipasuka kwa baridi. Baridi gani? Mliifukua mtoto ana miaka mitatu, mkaimaliza wawili ghalani, mnaimba. Mlidhani nimelala."

Tihomir akaanza kuchunguza mpini wa koleo lake. Miladin alikuwa mwekundu hadi masikioni. Na mimi! Kwetu kila nyumba hufukia rakija, pombe kali ya matunda, mtoto anapozaliwa, ifunguliwe siku ya harusi yake, na miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikiwaeleza watu habari za mtungi uliopasuka.

"Mijitu mizima!" nikawaambia. "Hamna haya?"

"Basi nikafukia mtungi mwingine," mama mkwe akasema. "Hapo chini ya dirisha langu, niulinde."

"Mbona hukuniambia?" Miladin akauliza.

"Nikuambie wewe, uunywe tena?" Kisha sauti ikamshuka. "Kila baridi ikija nilikuwa naogopa, mwanangu. Nikisema mapema, mtaunywa. Nikinyamaza, nitakufa nao."

Miladin akatupa koleo, akaingia ndani. Nikajua amekasirika. Mara akatoka amembeba mama yake mikononi, na soksi zake za sufu, akamkalisha kitini kando ya ule mstari wa chokaa.

"Simamia mwenyewe, mama," akasema, akapiga magoti, akachimba kwa mikono.

Mtungi ukatoka mzima, nta ya mdomoni haijaguswa. Miladin alikuwa analia waziwazi. Nami nililia, sitaki kudanganya.

Kufika jioni waya ulikuwa umelazwa na taa ya ghalani inawaka. Nikamwambia mama mkwe turudi ndani, tumsogezee kitanda dirishani ili Jumamosi aone vizuri.

"Nani kasema nataka kuona harusi dirishani?" akanijibu. "Miaka minne mnaniletea chai kitandani, hakuna aliyeniuliza kama nataka kutoka."

Nikaenda kumtafutia viatu.

Jumamosi alikaa meza kuu, kulia kwa Tijana, akimimina rakija mwenyewe. Miladin na Tihomir walipata mwisho kabisa, vikombe nusu.