Uzito wa Kipanga

Mgeni aliingia dukani mkono wangu ukiwa ndani ya mashine ya fotokopi, nikichomoa karatasi iliyokwama. Nilidhani ni mteja.

"Wewe ndiye unayeandika habari za Kipanga mtandaoni?"

Niliitikia kwa tahadhari. Tangu nitangaze kwamba tamthilia ile imeoza na sitaitazama tena, nilikuwa nimetukanwa vya kutosha.

"Basi umemkatia baba yangu hamu ya chakula," alisema, akajivutia kiti.

Alikuwa msusi, mikono yake ilinukia mafuta ya nywele. Baba yake, fundi wa lifti mstaafu, alikuwa amepofushwa na kisukari, na sasa amelazwa, figo zimechoka. Kila wiki binti alimsomea muhtasari wangu.

"Ananiuliza Kipanga amefikia wapi. Mimi na mambo ya kuruka angani wapi na wapi! Njoo umsimulie, mdogo wangu. Si wanamaliza karibuni?"

Sikuwa na nguvu ya kukataa. Wala sikuwa na nguvu ya kuitazama tena.

Niliipenda sana ile tamthilia. Kipanga alikuwa binti mshona nguo aliyeweza kuruka angani kwa sharti moja: akisema uongo, mwili unakuwa mzito, haruki tena mpaka aukiri kwa yule aliyemdanganya. Msimu wa kwanza jengo lilishika moto, naye akabaki juu ya paa la jirani akimpigia mama yake simu, akikiri kwamba chuo hakumaliza. Watu wanalia madirishani, na mama kwenye simu yuko kimya. Nilikuwa chuoni wakati huo. Niliamini kwamba mtu akiandika hivyo, dunia itamsikia.

Siku hizi Kipanga anamdanganya kila mtu kabla ya kifungua kinywa na bado anapaa kama puto. Adui aliyezikwa alifufuka, akafa tena, akaja pacha wake. Majengo yanaporomoka na hakuna anayeuliza waliokuwa ndani.

"Ndiye huyu?" fundi aliuliza nilipofika wodini, uso wake ukielekea kando kidogo ya nilipokaa. "Nilidhani ana kitambi. Maandishi yake yalikuwa na kitambi."

Siku ile ya kwanza niliona aibu kumletea mgonjwa uozo, nikatia chumvi. Nilisema Kipanga alikwama ngazini kwa uzito wa uongo wake, akarudi kumwomba radhi mwanafunzi wake wa ushonaji.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Hilo umetunga wewe."

"Umejuaje, mzee?"

"Waandishi wa siku hizi wana akili hiyo? Sikiliza, mwanangu. Humu ndani kila mtu ananipamba. Daktari anasema naendelea vizuri. Binti yangu anasema nimenenepa. Hata mpishi anaapa supu ina nyama. Wewe niletee kilivyo. Kikiwa kibovu, tutakitukana pamoja. Niahidi."

Nikaahidi.

Basi nikawa naitazama kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikipiga miayo, halafu naenda kando ya kitanda chake. Tuliitukana kwa raha zetu.

"Lifti ikizidiwa uzito haipandi," aliniambia siku moja. "Inalia mpaka mtu ashuke. Ndiyo maana nilimpenda yule binti. Sasa wameizima kengele, wanapakia tu." Akapumzika kidogo. "Lakini watakumbuka. Mwishoni watamrudisha juu ya lile paa. Utaona."

Sauti yake ilizidi kufifia, ila hilo la paa hakuacha kulisema. Nami, nikiri, nililisubiri.

Sehemu ya mwisho ikaja. Kipanga alirusha miale, jiji likashangilia, kisha akaamka kichwa kikiwa juu ya cherehani. Yote yalikuwa ndoto. Likafuata tangazo la sabuni.

Msusi alinikuta kwenye korido ya wodi. Macho yalikuwa mekundu.

"Leo hajala. Daktari amesema hatuna muda mrefu. Mdogo wangu, mpe mwisho mzuri. Nani atajua? Nakupigia magoti."

Mwisho mzuri nilikuwa nao. Niliutunga njiani bila kukusudia: paa, simu, na safari hii mama anajibu. Sijawahi kutunga kitu kizuri kuliko kile.

"Sema," fundi alinong'ona nilipoketi. "Amerudi kwenye paa?"

Binti yake alinishika bega. Ulimi wangu ulikuwa kama jiwe.

"Hapana, mzee wangu. Ilikuwa ndoto. Ameamka kwenye cherehani."

Mkono ulitoka begani mwangu. Nikasikia hatua zikienda, na mlango.

"Yote?"

"Yote."

"Hata ile simu ya mama yake?"

"Hata simu."

Aligeukia ukutani. Chozi lilimshuka hadi sikioni, nami sikuthubutu kulifuta. Nilitamani arudi nyuma aniulize tena, nimdanganye.

"Wajinga kweli," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Mkono wake ukapapasa shuka mpaka ukafika kwangu. "Anza mwanzo. Usinifiche hata tangazo."

Nikaanza mwanzo.